"Kitabu imefutwa": jibu kwa baba wa Mbeya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya mzazi mmoja wa Mbeya ambaye kijana wake amemaliza stashahada ya kompyuta na sasa anazunguka na bahasha ya kaki mwaka wa pili. Kila mlango anaobisha anaulizwa uzoefu wa miaka mitatu. Mzazi akauliza swali ambalo limenikaa kooni tangu siku ile: huo uzoefu akautoe wapi, kama hakuna anayemruhusu kugusa kazi?

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 32, nimestaafu, na sasa nasaidia maktaba ya shule moja hapa Muheza siku tatu kwa wiki, malipo yangu chai na maandazi. Lakini jibu la swali lile ninalo, au kipande chake, kwa sababu nimehangaika na kijana wa aina hiyohiyo.

Maktaba yetu ina vitabu 1,140 na kompyuta moja tuliyopewa na wanafunzi wa zamani. Ilipofika ilikuwa imejaa virusi, tukaishia kuiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na juu yake programu ndogo ya kuazimisha vitabu. Zote mbili ni programu huria. Maana yake si kwamba ni za bure tu. Msimbo wake, yaani maandishi ya amri ambazo kompyuta inazifuata, uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine, kwa masharti ya leseni yake. (Vijana huuita msimbo "kodi". Siku ya kwanza nilidhani wanamsema TRA.) Jina la programu yetu sitalitaja, nitaeleza sababu mbele.

Kijana ninayemsema nilimfundisha darasa la nne. Ana stashahada kama ya yule wa Mbeya, na ana kibanda cha wakala wa pesa karibu na stendi. Jioni akifunga hupitia maktaba.

"Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta inasemaje leo?"

"Marahaba. Leo inasema kitabu imefutwa."

Ndivyo ilivyokuwa inasema kweli. Kuna mtu alikuwa ameitafsiri nusunusu kwa Kiswahili, na ukifuta kitu inaandika: *Kitabu imefutwa. Mwanafunzi imefutwa. Jina imefutwa.* Watoto wanasoma pale kila siku! Mkono wangu ukawa unatafuta kalamu nyekundu, lakini kioo hakisahihishwi kwa kalamu. Kijana akacheka, akaniambia, "Mwalimu, hii inasahihishika. Waandikie wenyewe."

Nikawaandikia. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na naeleza kwa kirefu kwa sababu nadhani wengi wanakwama palepale. Niliandika barua ya heshima, salamu mwanzo, kisha malalamiko kumi na moja kwa mkupuo: ngeli, rangi, maandishi madogo, kitufe kilichojificha, tarehe zilizogeuzwa. Chini nikaweka jina langu na namba ya simu. Siku tisa kimya. Siku ya kumi likaja jibu fupi: asante, tafadhali jambo moja kwa taarifa moja, na unatumia toleo gani? Nilikasirika kidogo. Nikadhani ni dharau.

Kijana alinieleza kwamba si dharau. Wanaoitunza programu ile ni watu wawili, wote wana kazi zao za mchana, wanaisoma usiku baada ya kulaza watoto. Barua ya mambo kumi na moja haifungiki. Ukitatua tisa bado iko wazi. Akaiandika upya mbele yangu kwa mistari isiyozidi sita. Nilifanya nini: nilifuta kitabu. Nilitegemea nini: "Kitabu kimefutwa". Nimepata nini: "Kitabu imefutwa". Toleo la programu, aina ya Linux, picha ya kioo. Na ile namba yangu ya simu akaiondoa haraka, kwa kuwa maandishi yale yanasomwa na dunia nzima. Vijana wakumbuke na hili: hata barua pepe unayoisajilia kazi hubaki kwenye historia ya mradi, kwa hiyo chagua usiyoionea haya miaka kumi ijayo, au tumia ile ya kujificha ambayo GitHub, tovuti inakohifadhiwa miradi mingi ya namna hii, inakupa.

Jibu lilikuja usiku uleule. Lakini mwenye programu, ambaye yuko Ureno, hakuelewa. Akauliza: neno sahihi ni lipi, nilibadilishe? Kwake lilikuwa suala la neno moja.

Mhariri, hapa ndipo miaka yangu 32 ilipopata kazi. Mtunzi wa programu alikuwa ameandika sentensi moja yenye shimo mwanzoni, halafu "imefutwa". Kwenye shimo kompyuta inachomeka jina la kitu. Kwa Kiingereza chake kila kitu kinaingia sawa. Kwetu kitenzi humfuata bwana wake: mwanafunzi *a*mefutwa, kitabu *ki*mefutwa, kadi *i*mefutwa, jina *li*mefutwa, ujumbe *u*mefutwa. Shimo la namna ile hakuna mfasiri anayeweza kuliziba, hata ungemleta nani. Nikaacha kumlaani yule aliyetafsiri kabla yetu. Alipewa nguo moja awavike watu watano.

Nikachora jedwali la ngeli kwenye karatasi ya mazoezi, kijana akalipiga picha, akalituma na maelezo mafupi. Yule bwana wa Ureno akajibu kwamba siku zote aliamini lugha zinatofautiana maneno, mifupa ni ileile. Akakubali dawa: kila kitu kipewe sentensi yake kamili, pasiwe na shimo. Kisha akaongeza mstari uliomfanya kijana asimame kwenye kiti: "Ungependa kuirekebisha wewe mwenyewe?"

Yule aliyeulizwa uzoefu kila mahali, hapa hakuulizwa chochote. Hakuna aliyetaka kuona cheti. Walichotaka ni kuona marekebisho.

Lakini asidhani mtu kwamba kualikwa ni kupita. Kwanza alishusha nakala ya mradi mzima pamoja na historia yake ya miaka yote, bando likaisha kabla hata hajafungua faili. (Baadaye alijifunza kuiomba Git, programu inayotunza historia ya msimbo, nakala ya hali ya sasa tu, bila historia, ni megabaiti chache.) Akabadilisha sentensi kumi na nne, akatuma ombi la kuunganisha, yaani kuomba marekebisho yake yaingizwe kwenye programu. Likarudishwa. Ukurasa wa kulinganisha, ambao huonyesha nyekundu kwa kilichotoka na kijani kwa kilichoingia, ulikuwa umejaa rangi juu mpaka chini, mistari mia sita na zaidi. Programu yake ya kuandikia ilikuwa imepanga upya nafasi za faili zima bila yeye kujua. Kumi na nne zake zimezama humo kama punje za mchele kwenye pishi la mtama. Nani atazitafuta?

Nilimwona alivyonywea. Alitaka kuacha. Nikamwambia, insha yako ya darasa la nne nilikurudishia mara ngapi? Akasema tatu. Basi hii ni ya kwanza.

Akarudi kwenye mwongozo wa wachangiaji, lile faili ambalo kila mradi wa maana huwa nalo na kila mgeni huliruka. Lote lilikuwa limeandikwa: usiguse usichokusudia, tawi (nakala ya kando ya kufanyia kazi) moja kwa jambo moja, endesha majaribio kabla ya kutuma. Akaanza upya, safari hii mistari kumi na minne, rangi kumi na nne. Likarudishwa tena kwa sababu hakueleza kwa nini. Akaeleza kwa aya mbili, jedwali langu likiwa ndani. Siku ya nne likaunganishwa. Nilikuwa nakoroga chai aliponipigia, na kwa muda mrefu sikuelewa anasema nini, alikuwa anapiga kelele tu.

Nasikia watu wakisema wazungu hao wana masharti mengi. Wanayo, na sababu wanazo. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungesema ni mtandao. Yeye akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepachikwa kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi duniani. Aliyeupachika alijiita Jia Tan. Hakuvunja ukuta. Alikuja kama mchangiaji mwema, akasaidia taratibu kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka mwenye mradi, ambaye alikuwa peke yake na amechoka, akamwachia funguo. Baada ya kisa kama hicho, ukirudishiwa kazi yako mara mbili usinune. Na upande wa pili wa kisa kilekile napenda kuwasimulia vijana: aliyeokoa jahazi hakuandika msimbo wowote siku ile. Alikereka na nusu sekunde, akaandika taarifa iliyo wazi.

Sababu nyingine ni hii pupa ya siku hizi. Oktoba 2020, shindano la Hacktoberfest, la kuchangia programu huria, liliahidi fulana kwa atakayetuma marekebisho manne, na watu wakafurika kwenye miradi ya wenzao wakiongeza neno moja la sifa hapa, nukta pale, ili wahesabiwe. Waandaaji wakalazimika kubadili sheria, mradi uhesabike ukikubali wenyewe. Sasa imekuja akili mnemba, na watunzaji wa miradi wanalalamika wazi kwamba wanaletewa taarifa ndefu za kasoro zisizokuwepo. Kijana wangu naye alijaribu kuipa ile kazi ya sentensi. Ikamletea "Kitabu kimefutwa kwa mafanikio". Kwa mafanikio! Nimeikuta hii kila mahali sasa, umeingia kwa mafanikio, umetoka kwa mafanikio. Kitabu kikishafutwa kimefutwa, mafanikio ya nini tena? Tuliyaondoa yote. Na pupa hiyo ndiyo sababu jina la programu yetu silitaji gazetini: watu wawili wanaoitunza hawatastahimili wasomaji wako mia moja wakitafuta fulana.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mbeya, ningemshauri kijana wako asianze na mradi mkubwa wenye sifa. Aanze na kile anachokitumia kila siku na kinachomkera. Ukitumia kitu ndipo unapojua kinapouma. Akikosa, karibu na nyumbani ipo miradi yenye maana. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulikulia Eldoret kwenye kliniki za VVU na ukaanza kutumika huko 2006. Leo uko katika nchi nyingi, na una kazi zilizotiwa alama maalumu kwa wanaoanza. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008, watu wakiitumia kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi kwa ujumbe wa simu. DHIS2, ambao takwimu za afya za nchi yetu zinapita humo, unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na msimbo wake uko wazi. Haya yote si mambo ya mwezini.

Na asiyejua kuandika msimbo asijione hana mlango. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kubwa, na nawavulia kofia. Lakini tafsiri ya programu ni shamba, si nyumba. Kila toleo jipya linaleta sentensi mpya, na asipokuwepo wa kupalilia, Kiingereza kinaota tena katikati ya Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hutafsiriwa kupitia Weblate, tovuti ya kutafsiria programu. Unaandika sentensi moja, unahifadhi, unaendelea na shughuli zako. Walimu wa Kiswahili wastaafu tuko wangapi nchi hii? Tunakaa barazani tunalalamika lugha inaharibiwa, na anayeiharibu anatungoja tumsahihishe bure.

Tahadhari moja: mtagombana. Mimi na mama mmoja wa Mombasa tulishikana siku sita kwenye neno "nywila". Yeye analitaka, mimi nataka "neno la siri", maana babu yangu angelielewa. Alishinda yeye, na mpaka leo nikifika kwenye kile kisanduku nakunja uso. Lakini "hifadhi" tulikubaliana wote bila kupiga kura.

Kuhusu pesa niseme ukweli. Kijana wangu hajalipwa hata senti kwa zile sentensi kumi na nne. Hata hivyo zipo nafasi zinazolipa wanaoanza. Google Summer of Code ipo tangu 2005, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Outreachy hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu kwa watu wa makundi yasiyopata nafasi kwenye tasnia hii, nusu yake kijana akiipata Muheza anajenga. Zote mbili hutazama ulichokwisha kukichangia, si bahasha ya kaki. Na alipokwenda kuulizia kazi Tanga mwezi uliopita, mwajiri alipomuuliza uzoefu alimfungulia ule ukurasa kwenye simu: kosa lake la kwanza lipo, la pili lipo, maelezo yake yapo, na jina la aliyemkubalia lipo. Kazi hajapata bado. Lakini kwa mara ya kwanza aliitwa arudi.

Sasa niwaguse wakubwa. Chuo alichosoma, ambacho sitakitaja, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa kutengeneza mfumo wake. Ananiambia darasani kwao ilikuwa mifumo ya kusimamia hosteli kila dawati. Siku ya kuwasilisha wanavaa suti, wanapigiwa makofi, kesho yake mifumo yote inakufa, hakuna hosteli hata moja iliyopata kuiona. Na Git, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika mwaka 2005 na ndiyo wanayoitumia karibu wote huko kazini, alikuja kujifunza kwenye meza yangu ya maktaba. Kwani haiwezekani mwanafunzi mmoja akaambiwa: mwaka huu usijenge kitu kipya, tafuta kilichopo, kirekebishe, tutakupa alama kwa kilichokubaliwa? Na kwa kilichokataliwa pia, kama umeeleza kwa nini kilikataliwa. Mimi ningesahihisha kwa furaha.

Nimalizie na habari ya juzi. Programu yetu hutuma ukumbusho, na uliandika: *Rudisha kabla ya saa 10:00.* Mwenye programu alikusudia saa nne asubuhi. Watoto wamesoma saa kumi, kama ambavyo ningesoma mimi, kama ambavyo ungesoma wewe. Saa kumi jioni nilikuwa nimeshafunga, nimefika nyumbani, wao wanane wamesimama mlangoni na vitabu vyao, na kesho yake kompyuta ikawatoza wote faini ya kuchelewa. Faini nimezifuta (zimefutwa, *zi*). Taarifa nimeiandika mwenyewe safari hii, jambo moja, mistari mitano. Bwana wa Ureno ameuliza: kwenu siku huanza saa ngapi? Nimemjibu inaanza jua likichomoza, ndiyo maana saa ya kwanza ni saa moja. Ameandika kwamba anahitaji kutafakari.

Taarifa iko wazi hadi leo na hakuna aliyeichukua, maana kijana wangu yuko na foleni ya wateja wa mwisho wa mwezi. Kijana wa Mbeya akiitaka, anwani yangu iko ofisini kwako, Mhariri. Naomba umpe.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Muheza, Tanga.